Eneo la Kufuta Sigara

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelala vibaya. Nimeamka vibaya zaidi.

Jana jioni Alexander, kijana wetu, alitangaza kwamba koito ni Jumamosi ya wiki ijayo. Tutaenda Boito kwao Janeffer, wazee wetu wakitangulia, kuomba msichana. Mke wangu Rodah alipiga kigelegele hadi ng'ombe wakashtuka. Mimi pia nilifurahi. Kijana ni fundi wa mitambo kiwandani, msichana ni mwalimu, wanapendana, wana adabu. Mzazi anataka nini kingine?

Halafu Alexander akaongeza, kama mtu anayeongeza sukari kidogo tu, kwamba baba yake Janeffer ni Isaiah. Nikauliza Isaiah yupi. Akasema Isaiah wa afya.

Isaiah wa afya! Afisa wa afya ya umma! Yule anayezunguka na pikipiki akinusa maduka na hoteli!

Alexander akasema mzee huyo hana makuu, hata kwa ng'ombe wa mahari hatatusumbua. Ana sharti moja tu. Mdogo wake, marehemu Kipkorir, alivuta sigara tangu ujana akafa na kansa ya koo. Mwisho hakuweza kumeza hata maji. Siku ya mazishi Isaiah aliapa kwamba binti yake hataolewa katika boma la moshi. "Lakini sisi hatuna hiyo shida, ama namna gani Baba?" Alexander akauliza.

Nikasema hatuna. Nikakohoa.

Ukweli nauandika hapa tu. Navuta. Rodah anaamini niliacha mwaka ule tulipobatizwa. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya kituo cha kupimia majani ya chai hapa Mogogosiek, mtu wa heshima zake, na heshima hizo nimezilinda miaka yote nyuma ya mikaratusi, upepo ukielekea kwa jirani.

Naweza kuacha siku yoyote. Lakini si wiki hii. Wiki hii nina wasiwasi, na nikiwa na wasiwasi navuta.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda kwa Mbuthia. Ana duka sokoni na pia ndiye huandika mabango ya hapa. Nikangoja wateja waishe. Nikaomba sigara moja, kwa sauti ya mtu anayeomba kiberiti.

Akakataa! Akasema mojamoja hauzi tena, ni sheria, na Isaiah alipita wiki iliyopita kuwakumbusha. Nikamwambia tumejuana tangu baba yake afungue hilo duka. Akasema ni kweli kabisa, na ndiyo sababu hangependa nije kumwona akiwa ndani.

Nikalazimika kununua pakiti nzima. Bei imepanda tena. Kila bajeti ikisomwa, wa kwanza kutajwa ni sisi. Na hiyo picha! Koo la mtu, limeoza, limefunguka kama kiatu kilichoachana na soli. Zamani pakiti ilikuwa kitu kizuri, watoto walitengenezea magari. Nimeigeuza. Upande wa pili kuna picha nyingine.

Nimevuta moja nyuma ya mikaratusi, macho nimefumba. Niliishika kwa kijiti cha mchai nilichopasua ncha, ili vidole visinuke. Uvumbuzi wangu mwenyewe. Baadaye nikatafuna kitunguu kibichi na kunawa kwa sabuni ya kufulia.

Haikuwa tamu. Lile koo lilikuwa linanitazama hata macho yakiwa yamefungwa. Nusu niliitupa, jambo ambalo sijawahi kufanya maishani.

Sasa swali ni mahali pa kuficha zilizobaki. Koti, hapana, Rodah hufua. Zizini, hapana, Rodah hukamua. Huyu mwanamke hana mahali hafiki.

Jumatano, 6 Agosti

Aibu! Aibu ya kuandikwa kwa herufi kubwa!

Nilipata mahali pazuri. Asubuhi, nikiwa nimemaliza kuchuma, nilisukuma pakiti chini kabisa ya kikapu cha majani. Nani atatafuta sigara ndani ya chai? Nikaingia ndani kunywa uji. Nilipotoka, kikapu hakipo. Rodah ameamua kunisaidia mzigo. Amekipeleka kituoni.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, na gambuti miguuni! Nilifika karani akiwa ameshachota majani konzi moja, ameyainua puani kama afanyavyo siku zote. Mkulima yeyote wa huku anajua: majani mabichi hunywa kila harufu. Ukiyaweka karibu na mafuta ya taa, yananuka mafuta ya taa. Ukiyawekea vitunguu, ni mchuzi. Karani akanusa mara ya pili. Akasema pole pole, akinionea haya, kwamba majani ya mwenyekiti yananuka tumbaku na hawezi kuyapima.

Foleni nzima ikageuka. Mimi ndiye huhutubia kila mkutano kuhusu usafi wa majani!

Nikanyakua kikapu kabla mkono wake haujafika chini. Nikasema ni upepo, bila shaka umetoka shambani kwa Kiptum. Kiptum ni makamu wangu kwenye kamati na amekitamani kiti changu tangu nilipokikalia. Alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa utaratibu kwamba yeye aliacha sigara mwaka jana. Hilo tunalijua. Kiptum aliacha sigara mara moja lakini husema ameacha kila siku. Halafu akasogea karibu, akavuta pumzi karibu na uso wangu, akauliza kama tulikula kitunguu asubuhi.

Rodah alitembea mbele yangu njia nzima. Majani tumewamwagia ng'ombe. Ng'ombe wamekataa.

Ijumaa, 8 Agosti

Isaiah amekuja. Mwenyewe! Kituoni kwetu!

Kumbe karani alipiga ripoti kiwandani kwamba kuna moshi kituoni, na kiwanda kikaomba afisa wa afya aje azungumze na wakulima. Yaani pakiti yangu ndiyo iliyomleta. Nilikaa mbele kabisa, upande wa pili wa upepo, nikijitahidi nisitoe jasho.

Ni mzee mrefu, mtaratibu, na anatamka Kiswahili vizuri sana, sawasawa na mimi. Alianza kwa kusema dunia nzima inapiga fita dhidi ya tumbaku. Alexander, aliyesimama nyuma, akajikuna pua kuficha kicheko. Kijana huyo ana utani wa siku nyingi kwamba sisi wazee wa huku tukitaka kusema vita tunasema fita, na viatu tunaita fiatu. Mimi sisikii tofauti yoyote. Insha yangu ya Kiswahili ilisomwa mbele ya shule nzima.

Isaiah alieleza mengi na yote yalinichoma. Alisema nchi zaidi ya mia moja na themanini zimekubaliana mkataba mmoja wa kupunguza tumbaku. Alisema kinachofanya kazi kuliko vyote ni ushuru, kwa sababu bei ikipanda kijana haanzi na mzee anapunguza. Alisema Ayalandi walikataza kuvuta kwenye baa watu wakadhani baa zitafungwa, na baa zipo hadi leo. Australia walinyang'anya pakiti rangi zote nzuri wakazipaka rangi ya tope. Uruguay picha za ugonjwa zimefunika karibu pakiti nzima. Akasema hakuna sheria moja inayotosha, ila zikishikana mikono zote, watu wanaacha.

Nikaona zile nchi zote zimeketi kwenye meza moja ndefu, zikinijadili mimi, Kipkurui wa Mogogosiek. Bei, mimi. Mojamoja, mimi. Koo, mimi. Uruguay sijui hata iko upande gani, na wao pia wamenishikia fimbo!

Hapo ndipo wazo lilinijia. Isaiah alikuwa ametaja kwamba mahali pa kazi panaweza kutenga eneo maalumu la wavutaji, mbali na watu, lenye kibao. Nikasimama. Nikasema kwa niaba ya kamati kwamba kituo chetu kuanzia leo hakina moshi, na mimi binafsi nitatenga eneo hilo na kugharamia kibao. Nikapendekeza nyuma ya mikaratusi.

Makofi! Isaiah akanishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru, kongoi sana, akasema amefurahi kujua Janeffer anakwenda kwa watu wa aina gani. Kiptum alikuwa na uso wa mtu aliyemeza nzi.

Yaani nimepata vitu viwili kwa jiwe moja. Mkwe ameridhika, na maficho yangu sasa yana ruhusa ya serikali. Mtu akinikuta pale nitasema nakagua.

Nimempigia Mbuthia simu nikiwa katikati ya mahindi, mtu asisikie. Nimemwambia aandike kwa herufi kubwa: Eneo la kuvuta sigara. Nimelirudia mara kadhaa ili asikosee.

Jumatatu, 11 Agosti

Amekosea.

Kibao kilifika na pikipiki asubuhi, foleni ikiwa ndefu. Kizuri, cheupe, maandishi mekundu. Kiptum mwenyewe alikishusha akakisimika. Ndipo nikasoma. ENEO LA KUFUTA SIGARA.

KUFUTA! Kama mtu anafuta ubao! Kama meza!

Nilimpigia Mbuthia papo hapo. Nikamwambia nilisema kuvuta. Akasema, "Ndiyo, kufuta, si ndivyo nimeandika?" Nikarudia, kuvuta. Akasema, "Mzee, ni hiyo hiyo nimeandika, hata nilishangaa lakini nikasema mteja ndiye anajua." Nikakata simu. Mtu wa sokoni na bado hajui Kiswahili.

Nilikuwa natafuta rangi nikifiche, lakini nilichelewa. Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, mvutaji sugu, alipita hapo na gunia lake la majani. Akasimama. Akakisoma kibao kwa kidole, neno kwa neno. Kisha akatoa pakiti yake mfukoni, akaiweka chini ya kibao, akaenda zake bila kugeuka. Baada yake akaja mwingine. Mama mmoja akaleta za mumewe.

Jioni palikuwa na rundo. Wamesema wamekuwa wakitaka kuacha siku nyingi, ila hawakujua waanzie wapi.

Nimekaa jikoni. Isaiah akisikia, atafikiri nadhihaki serikali.

Jumanne, 12 Agosti

Isaiah amesikia. Amekuja mbio na pikipiki. Nilitaka kuingia chooni nijifungie.

Alikitazama kibao muda mrefu. Machozi yakamlengalenga. Akasema katika mafunzo yote aliyohudhuria, na nchi zote alizosoma habari zake, hajaona mtu aliyefikiria hivi: badala ya kuwatenga wavutaji, kuwapa mahali pa kuachia mzigo. Akaniuliza nilipataje wazo hilo. Nikasema lilinijia tu.

Alikipiga picha nami pembeni. Akasema mdogo wake Kipkorir angekuwa na mahali kama hapa, labda. Hakumaliza.

Nilijisikia vibaya sana. Nadhani ni dhamiri, ama ni kile kitunguu.

Kamati imeweka sanduku la mbao chini ya kibao, lenye kufuli. Kiptum alitaka ufunguo. Nikasema ufunguo hukaa kwa mwenyekiti. Basi! Sanduku limejaa sigara za bure, nyuma ya mikaratusi yangu, na ufunguo uko kiunoni mwangu. Sijawahi kuona Mungu akimjibu mtu haraka hivi, na sikuwa hata nimeomba.

Alhamisi, 14 Agosti

Mambo hayaendi vizuri.

Kwanza, zamani nilivuta kwa siri na wenzangu wawili watatu. Mtu anakuazima moto, mnalalamikia bonasi ya chai, mnaagana. Sasa nikitafuta mwenzangu kila mmoja anasema amefuta. Wanaopita wananipungia mkono wanasema, "Chairman, siku ya tatu!" Najibu hongera na kuongeza mwendo. Nimebaki mvutaji peke yangu Mogogosiek, na mimi ndiye niliyewaachisha.

Pili, Kiptum. Ameinua sanduku leo, akalitikisa, akasema jana lilikuwa zito kuliko hivi. Nikasema sigara hukauka. Akapendekeza zichomwe hadharani Jumapili baada ya kanisa. Nikasema ni ushahidi, ushahidi hauchomwi. Kiptum akanizunguka akinusa kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala. Na huyo ndiye wazee wamemchagua awe msemaji wetu kwenye koito! Ati kwa sababu pumzi yake ni safi.

Tatu, na hili ndilo limeniuma. Rodah amenikalisha kitako. Akasema, "Baba Alex, niambie tu ukweli. Unaumwa?" Amesema ninanuka kitunguu na sabuni kila siku, ninakohoa, ninatoka nje kila mara, sili vizuri. Ameogopa. Amekuwa akiniombea bila kuniambia. Alikuwa ameshika mkono wangu na nikaona mkono wake una baridi.

Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka, mdomo ulishafunguka. Nikasema ni tumbo.

Nilipotoka nilijidharau sana, nikaenda nyuma ya mikaratusi nikavuta ili nijisahau.

Jumamosi nitachukua pakiti moja tu. Si ya kuvuta. Ya dharura. Mtu mwenye wasiwasi akijua anayo mfukoni, anatulia.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nitaanza mwanzo.

Tulifika Boito na jua la mchana, wote tumevaa suti, akina mama na mashuka yao mabegani. Kabla ya lango nilikuwa nimejitenga kidogo migombani. Kidogo tu. Kisha kitunguu.

Tulipokelewa kwa heshima. Mama Janeffer ni Ayoo, muuguzi, Mjaluo kutoka Kisumu, kwa hiyo nyumbani kwao watu huongea Kiswahili ili kila mtu aelewe. Mursik, maziwa yetu ya mgando, ilikuwa kwenye kibuyu mezani, ikingoja mambo yakubaliwe. Kiptum alisema maneno yetu vizuri, lazima nikubali. Ng'ombe wakazungumziwa bila kelele. Alexander na Janeffer walikuwa wameketi wakitazama chini, na niliona kijana wangu amejikaza mabega kama alivyokuwa akijikaza siku ya mtihani.

Mwishowe Isaiah akajikohoza. Akasema amebakisha swali moja ambalo humuuliza kila mwanamume anayetaka kuwa ukoo naye, na mkwe asione vibaya. Akanitazama. Akasema:

"Mkwe, wewe bado unafuta?"

Nilifurahi mno! Nikajua anataka nijisifu kidogo mbele ya wazee kuhusu kituo. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

Nikasema ndiyo, nafuta, tena kwa moyo wote. Nikasema nafuta asubuhi kabla ya kukamua na jioni baada ya kupima majani, na hata sasa sitaacha. Nikasema mengi nafanya kimyakimya nyuma ya miti, hata mke wangu hajui, kwa sababu sitaki sifa za watu. Nikasema kijiji kizima nimekifundisha. Nikasema Alexander naye nitamfundisha. Na kwa kuwa nilikuwa nimepamba moto, nikamalizia kwamba ombi langu kwa Mungu ni wajukuu wetu waanze kufuta wakiwa wadogo, hata kabla ya kwenda shule.

Isaiah alikuwa ameshika kiti. Janeffer amefunika uso. Rodah amenigeukia na macho ambayo sijawahi kuyaona.

Ayoo akainua mkono. Akasema tungoje kwanza. Akauliza, "Hiyo ni kufuta na F, ama kuvuta na V?"

Isaiah akasema, "Na F." Mimi nikasema, "Na F." Tukatazamana. Tulikuwa tumekubaliana kabisa na bado hatukuwa tumeelewana.

Ayoo akauma leso yake. Kisha akachukua kitambaa akafuta meza, akatuonyesha. Akaweka vidole viwili mdomoni akapuliza, akatuonyesha. Akamwambia kila mmoja aonyeshe lake. Isaiah akaweka vidole mdomoni. Mimi nikafuta meza.

Nyumba ikalipuka! Wazee walicheka hadi mmoja akakoholea kiganjani. Alexander alicheka akilia. Isaiah mwenyewe akanikumbatia akaomba msamaha. Nilikuwa nimeokoka! Jasho linanitiririka, nimeokoka! Nikaingiza mkono mfukoni nitoe leso nijipanguse.

Leso ikatoka. Pakiti ikatoka nayo.

Ilianguka mezani, kando ya kibuyu, picha ikiwa juu. Lile koo.

Hakuna aliyecheka tena. Isaiah aliiokota. Hakunitazama mimi, aliitazama picha. Akasema kwa sauti ndogo kwamba la Kipkorir lilikuwa hivyo, upande huo huo. Akaiweka chini, akatoka nje.

Nilitamani ardhi inimeze. Si kwa ajili ya heshima. Nilimwona Alexander. Rangi yote ilikuwa imemtoka, na Janeffer alikuwa amemshika mkono mbele ya wazee bila kujali.

Isaiah alikaa nje muda ambao sitaki kuukumbuka. Aliporudi aliketi, akasema amewaza. Akasema msichana anaolewa na Alexander, haolewi na baba yake Alexander, na kijana hana kosa. Koito imekubaliwa. Mimi nikapumua. Lakini, akasema. Mursik ya leo hataipokea mkononi mwangu. Na Desemba, siku ya harusi, mvutaji hataketi meza ya wazazi. Nikiwa nimeacha, kiti changu kiko kando yake. Kama sijaacha, nitatazama harusi ya mwanangu nikiwa nyuma ya ua, ambako nimezoea.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Akasema sheria hizi hazikutungwa ili mtu kama mimi aone haya. Zilitungwa kwa sababu wanajua ni vigumu. Ayoo akasema ana kliniki hapo Boito ya kusaidia watu kuacha, kila Jumanne, na kuna dawa, na hakuna anayechekwa. Akaniambia nije.

Nikasema nitakuja. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

Mursik ilizungushwa. Ilinipita.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya kanisa sigara za sandukuni zimechomwa hadharani. Kiptum ndiye aliwasha, kwa furaha isiyofaa siku ya Bwana. Ufunguo anao yeye. Ameniambia Jumanne atanisindikiza kliniki ili nisipotee njia. Kupotea! Boito!

Rodah hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Amepekua makoti, zizi, ghala, paa la choo, akakuta vipande viwili vitatu vya sigara nilivyokuwa nimevisahau, akavitia motoni. Kisha akanipikia chai ya tangawizi na kuniambia kwamba anashukuru si ugonjwa. Akalia kidogo. Nikamwambia mwisho ni leo.

Jioni Alexander akaja kuketi nami nje. Nikamwomba msamaha, jambo ambalo sikumbuki kama nimewahi kumfanyia. Akacheka. Akasema alijua siku zote, tangu akiwa mdogo. Nikauliza mbona hakusema. Akasema, "Nilikuwa nadhani hiyo ndiyo harufu yako, Baba. Sikujua ni ya sigara mpaka niliponusa mtu mwingine." Akasema anataka nikae kwenye kile kiti Desemba. Akasema na vingine baada ya hapo, wajukuu wakija. Hakunitazama akisema hivyo, na mimi sikumtazama.

Alipoenda nililia. Nasema wazi, nililia machozi. Nampenda huyu kijana kuliko mashamba yote haya. Nitaketi kwenye kile kiti hata kama ni kwa kutambaa.

Nilikuwa nimevurugika sana. Mtu hawezi kuingia kwa mkewe akiwa hivyo, lazima atulie kwanza. Nikakumbuka kwamba Rodah hakutafuta ndani ya kikapu cha majani, chini kabisa, maana hakuna mtu anayeweza kufikiria kuficha kitu pale mara mbili. Ilikuwepo sigara moja. Moja tu. Haina hata pakiti, kwa hiyo koo halikuwepo.

Nimeketi chini ya kibao. Kimepakwa vizuri, Mbuthia ni fundi, siwezi kumlaumu. Nimekisoma tena na tena huku nikimalizia, hadi nikahisi nguvu mpya imeniingia.

Nimeamua. Naandika kwa wino na Mungu ni shahidi. Kesho asubuhi, mapema, kabla hata ya kukamua, ninafuta.